BETRI IKIFA, KWA NINI DEREVA NDIYE MWIZI?

Ndugu wafanyakazi,

Twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo limekula mishahara ya wenzetu kimyakimya, nalo ni betri ya gari kufa wakati gari limesimama. Msicheke. Jambo hili laonekana dogo kama punje ya mtama, lakini aliyekatwa pesa kwa ajili yake anajua uzito wake, na aliyeandikiwa barua ya onyo anaujua zaidi.

Desturi ya mahali pengi pa kazi ni hii. Gari limelazwa jioni likiwa zima. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, anasikia tik-tik-tik, kisha kimya. Mkubwa anatoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Haulizi betri ina umri gani. Haulizi ni nani aliyefunga vyombo vipya ndani ya gari. Anauliza neno moja tu: "Jana gari hili lilikuwa na nani?" Hapo hapo mwizi amepatikana. Akitajwa dereva, basi aliacha taa. Akitajwa askari wa usiku, basi alikaa ndani akisikiliza redio na kuchaji simu yake. Karani anashika kalamu, na mwisho wa mwezi mshahara umepungua.

Sisi twasema hiyo ni hukumu ya kubahatisha, nayo hatuikubali. Umeme si jini. Ukitoka kwenye betri unapita njia yake, na njia hiyo yaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye mita na subira. Asiyepima hana haki ya kulaumu.

PIKAPU ILIYOKUFA KILA JUMATATU

Tuwape habari ya jambo tuliloliona kwa macho yetu, katika yadi moja ambayo hatutaitaja kwa kuwa shauri lake bado halijakwisha.

Pikapu moja ilikuwa ikibeba genge la njia na vyombo vyao. Ijumaa saa kumi jioni dereva huiegesha, huondoa ufunguo, hutia sahihi katika kitabu cha lango, huenda zake nyumbani. Siku za katikati ya wiki pikapu iliwaka kila asubuhi bila taabu. Lakini Jumatatu saa moja asubuhi ilikuwa imekufa kama jiwe, na vijana wa genge wakaisukuma kwa mabega yao kabla hata hawajashika sululu.

Wakubwa wakafikiri, wakasema hivi: "Kama betri ingekuwa mbovu ingekufa kila siku. Inakufa Jumatatu tu, kwa hiyo kuna mtu anayelichezea gari Jumamosi na Jumapili." Maneno hayo yalionekana kuwa na akili. Betri mpya ikanunuliwa, dereva akaandikiwa deni. Jumatatu chache zikapita, ile mpya nayo ikafa. Sasa askari wa usiku akapewa barua ya onyo. Betri hiyo ilipokwisha kufa mara nyingi ikawa haishiki chaji tena, ikanunuliwa nyingine, na deni la pili likawekwa juu ya deni la kwanza. Dereva huyo ana watoto watatu shuleni. Muhula ule wawili walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Lakini ubaya haukuishia kwenye pesa. Dereva akaanza kumshuku askari, na askari akaanza kumshuku dereva. Watu waliokuwa wakinywa chai kutoka birika moja wakawa hawaamkiani. Hiyo ndiyo faida anayoipata mwajiri anayelaumu bila kupima: wafanyakazi wanagombana wenyewe kwa wenyewe, na yeye anaketi.

HESABU YA SHULE YA MSINGI

Sisi hatukufika chuo kikuu. Shule yetu ilikuwa ya misheni, ya msingi, yenye mwalimu mkali wa hesabu. Lakini kuzidisha na kugawanya alitufundisha vizuri, na hayo yatosha kwa shauri hili.

Betri ya pikapu ile ilikuwa ya ampea-saa 60. Maana yake ikiwa mpya na imejaa, yaweza kutoa ampea 3 kwa muda wa saa 20. Sasa tuyapime maneno ya wakubwa. Taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, hula wati 110. Gawanya kwa volti 12, wapata ampea 9 na kitu. Kwa muda wa saa saba hivi betri imekwisha. Basi kama dereva angekuwa na tabia ya kusahau taa, pikapu ingekufa Jumanne, ingekufa Alhamisi, ingekufa usiku wowote. Tena taa zikiwaka yadini usiku kucha, askari, karani na mbwa wa lango wote wangeziona.

Tufikiri sasa juu ya mwizi mdogo, asiyeonekana, anayekunywa ampea 0.65 tu. Usiku wa kawaida, kutoka saa kumi jioni mpaka saa moja asubuhi, ni saa 15. Atakunywa karibu ampea-saa 10. Betri inabakiwa na 50, gari linawaka, na alternata inarudisha kilichopungua wakati wa kazi ya mchana. Hakuna anayejua kitu. Lakini kutoka Ijumaa saa kumi jioni mpaka Jumatatu saa moja asubuhi ni saa 63. Zidisha kwa 0.65: ni ampea-saa 41. Betri ya 60 imebaki na 19, na stata inayotaka ampea mia na zaidi kwa mkupuo haiwezi kuzunguka.

Mmeona, ndugu? Ile Jumatatu ambayo wakubwa waliifanya ushahidi juu ya watu, yenyewe ilikuwa inawatetea watu. Ilikuwa inasema: tafuteni kitu kidogo kinachokunywa bila kupumzika. Hakuna aliyesikiliza, kwa sababu hakuna aliyechukua kalamu kupiga hesabu. Kalamu ilikuwa na kazi ya kuandika madeni.

JINSI YA KUPIMA

Kijana mmoja wa kitengo cha umeme, mwanachama wetu, ndiye aliyekuja na mita yake siku ya mapumziko. Twaeleza alivyofanya, ili kila tawi lijue na asiwepo wa kutudanganya tena.

Kwanza, aliichunguza betri yenyewe. Aliijaza chaji, akaiacha ipumzike, akapima volti. Betri nzima iliyojaa husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12 ni kama imekwisha. Akaangalia vichwa vya betri kama vina kutu au vimelegea. Kisha akawasha injini na kupima tena, na mita ikasoma 14.2, maana yake alternata inachaji. Ingesoma 12 tu, tungejua betri hailishwi mchana, na ugonjwa ungekuwa mwingine. Mafundi wengi huruka hatua hii. Wanauza betri mpya, wanapokea pesa, na wiki ya pili wanauza nyingine.

Pili, alizima kila kitu, akaondoa ufunguo na kuuweka mbali. Milango aliiacha wazi apate kufikia sanduku la fyuzi, lakini alibonyeza kufuli za milango kwa bisibisi mpaka gari likadhani imefungwa. Akahamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Akafungua waya wa hasi wa betri, akaiweka mita katikati: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, ncha ya pili kwenye waya uliofunguliwa. Sasa kila tone la umeme linalotoka lilipita ndani ya mita na kuhesabiwa, kama abiria wanavyopita langoni mbele ya mkata tikiti.

Hapa twatoa onyo mara tatu. Moja: usithubutu kuwasha gari wala kufungua swichi mita ikiwa hapo, maana fyuzi ya mita itakatika papo hapo. Mbili: anza siku zote na waya wa hasi, kwa sababu spana ikigusa chanya na bodi ya gari pamoja hutoa cheche kali na kuunguza mkono. Tatu: usivute sigara, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Tatu, na hili ndilo linalowashinda watu, alingoja. Magari ya siku hizi yana kompyuta ndogo ndogo, nazo hazilali mara tu ufunguo unapotolewa. Mita ilianza juu ya ampea 3. Mkubwa mmoja aliyekuwa amesimama hapo akasema, "Mnaona! Gari bovu!" Kijana hakujibu. Baada ya dakika chache ikashuka. Magari mengine hulala kwa dakika 20, mengine hutaka dakika 40 au saa nzima. Haraka haraka haina baraka. Gari zima likilala hula ampea 0.02 mpaka 0.05, za saa, kengele ya wezi na kumbukumbu za kompyuta. Pikapu yetu ilitulia kwenye 0.65, haikushuka tena. Mwizi alikuwa ndani, na alikuwa macho.

Nne, alichomoa fyuzi moja moja, akiangalia mita. Fyuzi ya redio: 0.65. Fyuzi ya taa za ndani: 0.65. Honi: 0.65. Hata tulianza kuchoka. Akachomoa fyuzi moja ndogo iliyoongezwa pembeni, ambayo haikuwamo katika kitabu cha gari, na mita ikaanguka mpaka 0.04.

Akaufuata waya wa fyuzi ile kwa mkono wake, chini ya dashibodi, nyuma ya kioo, mpaka mwisho wake. Mnajua ulifika wapi? Ulifika kwenye kamera yenye macho mawili, moja la barabarani na moja la kumtazama dereva, pamoja na chombo cha kufuatilia gari ambacho vijana hukiita traka. Vyombo hivyo vilifungwa kwa amri ya wakubwa wenyewe, ili kumchunga dereva asiibe mafuta wala saa za kazi. Fundi wao aliunganisha vyote viwili kwenye waya wenye umeme wakati wote. Traka yafaa kuwa hapo, nayo ikilala hula kidogo sana. Lakini kamera ilipaswa kupata umeme ufunguo unapowashwa tu. Badala yake ilikaa macho usiku na mchana, ikiitazama yadi tupu na kiti kisicho na mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chombo kilichonunuliwa kumkamata mwizi ndicho kilichokuwa mwizi, na mtu aliyekuwa akichungwa ndiye aliyelipa.

Waya wa kamera ulihamishwa. Kazi yenyewe haikumaliza saa moja. Mita ikasoma 0.05, na pikapu haijafa Jumatatu tangu siku ile.

WATAKAOTUPINGA

Wako watakaosema, "Hayo ni ya kamera. Pengine mara nyingine dereva kweli ameacha taa." Twajibu: ndiyo, pengine. Sisi hatusemi kwamba mfanyakazi hakosei. Taa ya buti ya wati 5 isiyozimika kwa sababu swichi yake imevunjika hula karibu ampea-saa 10 kwa siku moja. Rilei iliyoganda hula. Dayodi ya alternata iliyoharibika huacha umeme urudi kinyumenyume usiku kucha, nayo haionekani kwa kuchomoa fyuzi ndogo, mpaka waya mnene wa alternata wenyewe ufunguliwe, betri ikiwa imetengwa kwanza. Betri nayo huzeeka, na ile iliyoachwa tupu mara nyingi huota chumvi ngumu kwenye risasi zake na kufa kabla ya siku zake. Sababu ni nyingi. Kwa hiyo hasa twadai kipimo. Kama kosa ni la dereva, kipimo kitamwonyesha, naye atajibu.

Wengine watasema, "Gari za sasa ni ngumu, tuache mambo hayo kwa wataalamu." Ndugu, sisi wa reli hatuogopi maneno hayo. Fundi wetu hugonga gurudumu la behewa kwa nyundo na kusikiliza kama lina ufa. Hatuiruhusu treni kuingia katika sehemu ya njia kwa kuwa mtu amesema "nadhani iko wazi". Hata injini kubwa ya dizeli huamshwa na betri zake kabla haijavuta tani moja. Kama kwenye njia kudhani ni kosa la kufukuzwa kazi, mbona ofisini kudhani ni uongozi? Tomaso alilaumiwa kwa kutaka kugusa kabla ya kuamini. Katika imani hilo ni shauri jingine, lakini karakanani Tomaso angepandishwa cheo.

Na wengine watasema mita ni gharama. Mita ya kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya betri moja. Mwajiri aliyenunua betri mbili na kamera hawezi kutuambia hana pesa ya mita.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa ambalo mfanyakazi amelifanya kwa kukusudia. Shikeni sana neno hilo: kukusudia. Betri iliyonywewa na waya wa mtu mwingine si kosa la dereva la kukusudia wala la kusahau. Tena makato yote pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama amchague yeye, na asikilizwe. Hiyo ndiyo sheria, haikuandikwa na chama chetu.

Lakini sheria kwenye karatasi ni kama betri kwenye rafu ya duka. Haiendeshi kitu mpaka mtu aifunge mahali pake.

TWADAI NINI

Twadai mambo manne, na kila mjumbe wa tawi ayapeleke mezani.

1. Mfanyakazi asikatwe senti wala kuandikiwa barua kwa sababu ya betri iliyokufa mpaka gari limepimwa, mjumbe wa chama akiwapo, na namba za mita zimeandikwa na kutiwa sahihi.

2. Yeyote anayefunga kamera, traka, redio au kengele katika gari la kazi aandike alichofunga na waya alioutumia, na apime umeme wa gari lililolala kabla na baada ya kazi yake.

3. Kila yadi iwe na mita moja na watu wawili waliofundishwa kuitumia. Chama kitawapata wa kufundisha. Tunao.

4. Waliokatwa kwa kubahatisha warudishiwe pesa zao, na barua zao zitolewe kwenye mafaili.

Nasi wenyewe tujisahihishe. Dereva, ukiona chombo kipya kimefungwa garini, kiandike katika kitabu chako na tarehe yake. Askari wa usiku, ukiona taa ndogo inamulika ndani ya gari lililofungwa, iandike. Kitabu cha lango ni shahidi ambaye hatishwi. Na msilaumiane mbele ya mkubwa kabla hamjazungumza wenyewe. Dereva yule na askari yule wamepatana sasa, lakini kwa miezi mingi walimfanyia mwajiri kazi ya bure ya kuchukiana.

Mtauliza mwisho wa shauri. Deni la betri ya kwanza limerudishwa. Deni la pili, wakubwa wanasema "linaangaliwa". Barua ya onyo ya askari ingali katika faili lake. Mjumbe wetu amepeleka karatasi yenye namba mbili tu, 0.65 na 0.04, na ataendelea kuipeleka kila wiki mpaka ijibiwe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Pimeni kwanza, ndipo mseme.

Ni sisi wenzenu wa karakana.